Maumivu ya saratani yanayolipuka ghafla: morfini ya maji, sindano, au fentanili ya kufyonzwa?

Mgonjwa wa saratani anaweza kushinda ametulia, dawa zake za kila saa 4 amezimeza kwa wakati, kisha akageuka kitandani mara moja tu na maumivu yakaruka kutoka 2 hadi 9 katika kipimo cha 0 mpaka 10. Huo ndio mlipuko wa maumivu. Dawa za msingi hazijashindwa. Haya ni maumivu yanayopenya juu yake, yanapanda haraka, kisha yanashuka yenyewe baada ya muda. Anayemuuguza hubaki na swali moja: ampe nini sasa hivi?

Russell Portenoy na Neil Hagen waliyaeleza maumivu haya kitaalamu mwaka 1990, na tangu hapo yamepimwa sana. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa 1,000, ulionyesha mwendo wake: kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, hudumu kama dakika 60 yasipotibiwa, na humrudia mgonjwa mara 3 kwa siku. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi, wa mwaka 2014, ulikuta kwamba karibu wagonjwa 6 kati ya 10 wenye maumivu ya saratani hupata milipuko hii. Kwa wanaotibiwa wakitokea nyumbani ni kama 4 kati ya 10, na kwa walio katika nyumba za tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya ugonjwa mzito, ni 8 kati ya 10. Shika hizo namba mbili, dakika 10 na dakika 60, maana karibu kila tofauti kati ya njia tatu tutakazolinganisha inatokana nazo.

Kwanza hakikisha ni mlipuko kweli

Makosa mengi huanzia hapa, kabla dawa haijachaguliwa.

Kama maumivu yanarudi kila mara nusu saa au saa moja kabla ya dozi inayofuata, huo si mlipuko. Dozi ya msingi ni ndogo, na kinachotakiwa ni kuipandisha. Kama maumivu yanapiga kama shoti ya umeme kwa sekunde chache, kisha yanaacha, hakuna dawa ya dharura itakayoyawahi. Hayo ni ya mishipa ya fahamu, na hutibiwa kwa dawa za kila siku kama amitriptilini au gabapentini. Na kama ni maumivu mapya ya mgongo, miguu imeanza kulegea au mkojo umegoma kutoka, usikae nyumbani kupima dozi. Huenda uti wa mgongo umebanwa na uvimbe, na mgonjwa anatakiwa kufika hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu miguu ikishapooza ni vigumu kuirudisha.

Jambo jingine: plasta ya fentanili (dawa kali ya jamii ya morfini) ya kubandika kwenye ngozi si dawa ya mlipuko. Baada ya kubandikwa huchukua saa 12 hadi 24 kufikia nguvu yake. Vidonge vya morfini vya kutoa dawa polepole havifai pia, na kuvisaga ili vifanye kazi haraka ni hatari, kwa sababu dawa ya saa 12 inaingia mwilini kwa mkupuo.

Tutakavyolinganisha

Kila njia tumeitazama kwa mambo yaleyale: inaanza kufanya kazi lini, majaribio ya kitabibu yanasema nini, dozi inapimwaje, nini huenda mrama, na inamfaa nani. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima na ni za kukuwezesha kufuata hesabu na kuuliza maswali sahihi. Mwenye kuziandika ni daktari au muuguzi anayemjua mgonjwa.

Morfini ya maji ya kumeza

Kasi. Huanza kutuliza baada ya dakika 20 hadi 30 na hufika kileleni karibu na dakika ya 60. Linganisha na mwendo wa mlipuko: dawa inafika kileleni wakati maumivu mengi yameanza kushuka yenyewe. Huo ndio udhaifu wake mkuu. Kwa upande mwingine, nguvu yake hudumu kama saa 4, hivyo kwa mlipuko unaopanda taratibu na kukaa muda mrefu inafaa vizuri kabisa.

Ushahidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unaelekeza mlipuko utibiwe kwa dawa ya jamii ya morfini inayofanya kazi haraka, na morfini yenyewe ndiyo mfano unaotajwa. Hata hivyo majaribio yaliyoipima kama mlengwa mkuu ni machache mno. Ilikuwa dawa ya kawaida kabla ya utafiti wa milipuko kuanza, kwa hiyo katika majaribio mengi inaonekana kama dawa ya kulinganishia tu.

Dozi. Kanuni inayotumika sana ni sehemu ya kumi hadi ya sita ya jumla ya morfini ya siku. Mgonjwa anayemeza mg 10 kila saa 4 anapata mg 60 kwa siku, kwa hiyo dozi yake ya nyongeza ni kati ya mg 6 na mg 10. Akishapewa na baada ya saa moja maumivu bado ni makali, hurudiwa. Dozi ya msingi inayofuata hainyimwi: inatolewa kwa saa yake kama kawaida.

Kila dozi ya nyongeza iandikwe saa, kiasi, na alama ya maumivu kabla na baada. Siku mgonjwa anapohitaji dozi 4 za mg 10 juu ya mg 60 zake, jumla ni mg 100. Ukigawa kwa 6 unapata karibu mg 17, na daktari anaweza kupandisha dozi ya msingi kuwa mg 15 kila saa 4. Lakini hapa pana mtego ambao hata wahudumu wazoefu huuangukia. Kama dozi zote 4 zilitumika kwa sababu mgonjwa alikuwa akitembea au akisafishwa kidonda, kupandisha dozi ya msingi kutamfanya asinzie muda wote anaopumzika, na akisimama bado ataumia. Daftari lionyeshe mgonjwa alikuwa akifanya nini, si saa na kiasi peke yake.

Nini huenda mrama. Kosa baya kuliko yote ni kuchanganya nguvu za chupa. Morfini ya maji hutengenezwa ya mg 5 katika mililita 5, na pia ya mg 50 katika mililita 5. Dozi ya mg 10 ni mililita 10 za dawa nyepesi, lakini ni mililita 1 tu ya dawa nzito. Mtu aliyezoea mililita 10, akipewa chupa nzito bila kuelekezwa upya, atamnywesha mgonjwa mg 100. Rangi ya dawa isaidie kukumbuka, isiwe ndiyo kipimo: soma namba kwenye lebo kila unapopewa chupa mpya, na pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Tatizo la pili ni figo. Mabaki ya morfini hutolewa na figo, na zikishindwa mabaki hayo hujikusanya: mgonjwa anachanganyikiwa, misuli inashtukashtuka, usingizi unazidi. Hili lina uzito kwetu Afrika Mashariki kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi, inayowapata wanawake wengi, mara nyingi huziba mirija ya mkojo na kuharibu figo. Mgonjwa wa aina hii anahitaji dozi ndogo na zenye nafasi kubwa kati yake, au dawa nyingine.

Kufunga choo hakukwepeki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo kama sena au bisakodili ianze siku ileile morfini inapoanza. Kichefuchefu cha siku za mwanzo kwa kawaida hupita.

Inamfaa nani. Mgonjwa anayeweza kumeza, yuko nyumbani, na milipuko yake inatabirika au inapanda kwa zaidi ya nusu saa. Anayejua kwamba kidonda kitasafishwa saa 4 asubuhi anywe dozi yake saa 3 na dakika 15. Kwa kutanguliza dawa namna hii, udhaifu wa kasi karibu unaisha.

Ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu ambayo familia ya kawaida ya kwetu inaweza kuitegemea. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mjini Kampala mwaka 1993, ilijenga huduma yake juu ya unga wa morfini uliochanganywa na maji, na mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Uamuzi huo uliwafikishia dawa watu wa vijijini ambao daktari wangemsubiri mpaka wafe. Bado pengo ni la kuumiza: ripoti ya kamisheni ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hii zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1.

Morfini ya sindano

Kasi. Ikichomwa kwenye mshipa wa damu huanza ndani ya dakika 5 hadi 10. Chini ya ngozi ni kama dakika 10 hadi 15, na kileleni karibu nusu saa. Haitegemei tumbo, kwa hiyo anayetapika au aliyezibwa utumbo anaipata yote.

Ushahidi. Jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 2007 likiongozwa na Sebastiano Mercadante liliwapa wagonjwa 25 morfini ya mshipani katika mlipuko mmoja na fentanili ya kufyonzwa mdomoni katika mwingine, kila dozi ikikadiriwa kulingana na dawa ya msingi ya mgonjwa. Baada ya dakika 15 sindano ilikuwa mbele kidogo, na kufikia dakika 30 tofauti haikuwa ya maana. Ni jaribio dogo, lakini linaonyesha kwamba dawa ya zamani ikitolewa kwa njia ya haraka haipitwi na dawa mpya.

Dozi. Morfini ya kumeza hupotea sana kwenye ini kabla ya kufika kwenye damu, kwa hiyo dozi ya sindano huwa nusu au theluthi ya ile ya kumeza. Aliyekuwa akimeza mg 10 huchomwa kati ya mg 3 na mg 5. Angalia ampuli, maana zipo za mg 10 na za mg 15 kwa mililita moja: mg 5 ni mililita 0.5 ya ile ya kwanza, ila ni kama mililita 0.33 ya ile ya pili.

Kwa anayehitaji sindano mara kwa mara, si lazima atobolewe kila safari. Muuguzi anaweza kuweka sindano ndogo ya kipepeo chini ya ngozi ya tumbo, ya juu ya mkono au ya kifua chini ya mtulinga, akaibandika plasta, ikakaa siku kadhaa. Eneo likiwa jekundu, gumu au linavuja, inahamishwa. Mguu uliovimba maji haufai, wala ngozi iliyopigwa mionzi. Sindano ya msuli iachwe: inauma, na kwa mtu aliyekonda dawa haifyonzwi kwa mpangilio unaotabirika.

Nini huenda mrama. Zaidi ya hesabu ya kubadili kutoka kumeza kwenda sindano, tatizo la kweli ni umbali. Sindano ya dakika 10 inayomsubiri muuguzi afike kwa saa moja na nusu ni ya polepole kuliko chupa iliyoko kando ya kitanda. Hata wodini, kabati la dawa likiwa na kufuli na mwenye ufunguo yuko jengo jingine, faida yote ya kasi imekwisha. Wodi inayotaka kutumia njia hii vizuri ipime muda kuanzia mgonjwa anapoita mpaka dawa inapoingia.

Inamfaa nani. Aliyelazwa, asiyeweza kumeza, anayetapika, au ambaye maumivu yamemshinda kabisa na dozi yake inahitaji kutafutwa upya ndani ya saa chache huku akiangaliwa. Pia anayeuguziwa nyumbani siku za mwisho, kama kuna muuguzi wa kupita na ndugu aliyefundishwa.

Fentanili ya kufyonzwa mdomoni au puani

Hii ndiyo iliyobuniwa mahsusi kwa milipuko. Fentanili huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hupenya utando wa shavu, wa chini ya ulimi au wa pua na kuingia moja kwa moja kwenye damu. Marekani iliidhinisha ya kwanza, pipi yenye kijiti, mwaka 1998. Vidonge vya kuweka kati ya shavu na fizi, vya chini ya ulimi na dawa za kupuliza puani vilifuata.

Kasi. Wengi huanza kupata nafuu kati ya dakika 5 na 15, na za puani huwa mbele. Nguvu yake hukaa muda mfupi zaidi kuliko ya morfini, jambo linaloendana na mlipuko wenyewe.

Ushahidi. Hapa ndipo utafiti umejaa. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya kitabibu kwa pamoja, yalikusanya majaribio 15 yenye washiriki 1,699 na kuhitimisha kwamba fentanili ya njia hizi inafanya kazi. Jaribio lililoongozwa na Coluzzi mwaka 2001 liliilinganisha pipi ya fentanili na morfini ya kumeza, na fentanili ikatuliza zaidi kuanzia dakika ya 15.

Lakini soma jinsi majaribio hayo yanavyoundwa. Kwanza mgonjwa hupandishiwa dozi mpaka ipatikane inayomfaa, na asiyeipata au anayedhurika anaondolewa. Wanaobaki ndio wanaoingia katika sehemu ya kulinganisha. Jaribio moja la vidonge vya shavuni, kwa mfano, liliwapa waliobaki milipuko 10: 7 kwa fentanili na 3 kwa dawa tupu (inayofanana nayo ila haina dawa ndani), bila mgonjwa wala mtafiti kujua ipi ni ipi. Matokeo yake ni ya kweli, ila ni kwa watu ambao tayari dawa iliwakubali. Pili, kwa kuwa maumivu hushuka yenyewe, hata dawa tupu huonekana imesaidia kiasi, na ndiyo maana kipimo cha dakika ya 10 au 15 kina thamani kuliko cha saa nzima. Tatu, katika baadhi ya majaribio fentanili ilitafutiwa dozi kwa makini huku morfini ikibaki na dozi ya zamani ya mgonjwa. Kwa maoni yetu ubora wa fentanili katika dakika 15 za mwanzo umethibitika. Ukubwa wa ubora huo ndio haujathibitika.

Dozi. Haitolewi kwa asiyezoea dawa za jamii ya morfini. Aliyezoea ni yule ambaye kwa wiki moja au zaidi ametumia angalau mg 60 za morfini ya kumeza kwa siku, au plasta ya fentanili ya maikrogramu 25 kwa saa, au kiasi kinacholingana cha dawa nyingine. Huanzia chini, maikrogramu 200 kwa pipi au 100 kwa kidonge cha shavuni, hata kama dozi ya msingi ni kubwa, kisha hupandishwa hatua kwa hatua. Kwa aina hizi mbili, hazizidi dozi 2 kwa mlipuko mmoja, na baada ya kuutibu hupita saa 4 kabla ya kutibu mwingine. Pipi husuguliwa polepole ndani ya shavu kwa kama dakika 15 bila kutafunwa. Ikitafunwa na kumezwa, sehemu kubwa inapitia tumboni na kuharibiwa na ini, na kasi inapotea.

Nini huenda mrama. Aina moja haibadilishwi na nyingine kwa kulinganisha maikrogramu. Kidonge cha shavuni huingiza dawa nyingi zaidi kuliko pipi ya namba ileile, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya vifo vilivyohusishwa na makosa kama hayo na kuwapa dawa hii watu wasiozoea. Mdomo mkavu unachelewesha kidonge kuyeyuka, na utando wenye vidonda vya mionzi hubadilisha ufyonzwaji. Wanaotumia ritonavir katika dawa za VVU, au dawa za fangasi kama flukonazoli, wanaweza kupandishiwa fentanili mwilini bila dozi kubadilika. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume chake. Kwa mtoto, pipi yenye kijiti ni peremende, na iliyobaki nusu inatosha kumuua.

Inamfaa nani. Mwenye milipuko ya kasi isiyotabirika, dozi ya msingi iliyotulia, mdomo au pua nzima, na daktari wa karibu wa kupandisha dozi. Figo dhaifu si kikwazo kikubwa kama kwa morfini, ingawa tahadhari inabaki. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina dawa hizi. Anayemuuguza mzazi Ulaya atazikuta, ila asizitume wala kuzibeba kumpelekea ndugu mwingine nyumbani: ni dawa zinazodhibitiwa kisheria, na kwa mwili usiozoea ni sumu.

Dozi ikizidi

Kwa njia zote tatu dalili ni zilezile: usingizi usioamshika kwa urahisi, mboni za macho zilizosinyaa kama ncha ya pini, na pumzi chini ya 8 kwa dakika. Hospitalini, naloksoni ya mg 0.4 huchanganywa na maji ya chumvi kufikia mililita 10 na kutolewa mshipani mililita 1 kila baada ya dakika moja au mbili mpaka pumzi irudi. Ikisukumwa yote mara moja, maumivu yote ya saratani yanarudi kwa pamoja.

Uchague ipi, kwa hali gani

Maumivu huja akisimama au akioshwa, na anameza vizuri: morfini ya maji dakika 45 kabla. Kama chanzo ni mfupa mmoja ulioingiliwa na saratani, uliza kuhusu mionzi ya mara moja ya Gy 8 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha mionzi), ambayo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unaikubali na ambayo hutolewa kwenye vituo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Inaweza kupunguza milipuko yenyewe, badala ya kuifukuza kila siku.

Maumivu hupanda ndani ya dakika 5 bila dalili, mgonjwa yuko kwenye nchi yenye fentanili na anatumia angalau mg 60 za morfini kwa siku: fentanili ya kufyonzwa ni ombi la haki kwa daktari wake. Kama mdomo una vidonda, aulize ya puani.

Hali hiyohiyo, lakini fentanili haipo: morfini ya maji ikae karibu na mkono wake, dozi ikiwa imepimwa tayari kwenye bomba lenye kifuniko, apewe mlipuko unapoanza bila kusubiri uthibitike. Dakika 10 za kutafuta ufunguo na kikombe zinaweza kuokolewa bila dawa mpya yoyote.

Anatapika, au utumbo umeziba: sindano chini ya ngozi, hata kama ni kwa siku 2 tu mpaka tumbo litulie.

Figo zimeshindwa: fentanili kama ipo, na kama haipo, morfini kwa dozi zilizopunguzwa huku mtu akiangalia misuli na usingizi wake.

Siku za mwisho, nyumbani, hamezi tena na muuguzi hafiki usiku: sindano ya kipepeo iliyowekwa mchana, na ndugu mmoja aliyefundishwa kupima na kusukuma dawa mbele ya muuguzi kabla hajaondoka. Isipowezekana, morfini nzito ya mg 50 katika mililita 5 inaweza kudondoshwa kidogokidogo ndani ya shavu, mgonjwa akiwa amelala kiubavu. Haifyonzwi na utando wa mdomo kama fentanili. Sehemu kubwa humezwa na mate, hivyo hesabu nusu saa au zaidi kabla ya nafuu, na uanze mapema, kabla ya kumgeuza.